Gondola ya maji, gondola ya waya

Inakadiriwa kwamba karne ya 16 Venice, mji wa Italia wenye mifereji ya maji badala ya barabara, ulikuwa na gondola 10,000 hivi, boti ndefu nyembamba za kupiga kasia. Leo zimebaki kama 400, nyingi za kutembeza watalii, na kukodi moja kwa nusu saa ya mchana ni euro 90. Mkazi wa mji hupanda vaporetto, boti ya abiria iliyoingia kwenye mifereji hiyo mwaka 1881. Gondola inayomfaa bado ni ile ya kuvusha tu, inayomvusha Mfereji Mkuu kwa dakika chache, mara nyingi akiwa wima.

Wapo wanaosikitika. Mimi sisikitiki sana. Chombo cha mita 11, kinachoendeshwa kwa kasia moja na kuundwa kikiwa kimepinda makusudi ili kasia hilo lisikipeleke kombo, kisingeweza kubeba abiria wa mji wa leo. Bila mtalii, mafundi wake wangekuwa wamefunga karakana zamani.

Gondola ya angani, yaani vyumba vya abiria vinavyoning'inia kwenye waya, imekwenda njia ya kinyume. Ilizoeleka kwa watelezaji theluji milimani, kisha mwaka 2004 Medellín, Kolombia, ikaiunganisha na treni ya mji ili kuwafikia watu wa vilimani. Bolivia ikaikuza zaidi. Tangu 2014, mtu wa El Alto hushuka La Paz, mita 400 hivi chini yake, bila kukwama kwenye kona za daladala za huko. Mtandao una njia kumi, na nauli ya msingi ni boliviano 3. Waya hauhitaji kubomoa mtaa mzima kupata barabara, na mlima kwake si kikwazo.

Wanaoupinga nao wana hoja nzito, nayo iko Rio de Janeiro, Brazil. Njia ya Complexo do Alemão, mitaa ya mabanda ya vilimani, ilizinduliwa 2011 ikasimama 2016. Vituo vilikuwa vileleni, kwa hiyo wengi walipanda mlima kwanza ndipo wapande gondola. Wakazi wa Rocinha, mtaa mwingine wa mabanda mjini humo, walipoahidiwa ya kwao, walidai mifereji ya majitaka kwanza. Hapo niko upande wao.

Kwetu, mpango wa waya juu ya kivuko cha Likoni, Mombasa, umewahi kutangazwa. Tupige hesabu. Njia ya aina ya La Paz hubeba watu 3,000 kwa saa kila upande; ikifanya kazi saa 17 bila kusimama na vyumba vikijaa, ni 102,000. Feri zinakadiriwa kuvusha 300,000 kwa siku, pamoja na malori na mikokoteni. Ipo mitambo yenye uwezo mkubwa zaidi, lakini hata hiyo haibebi lori. Waya ungepunguza msongamano wa asubuhi, na kwa hilo tu unastahili kufikiriwa, mradi nauli yake isimshinde anayevuka leo kwa miguu bila kulipa chochote.