Kigezi hutaka gia ndogo, si baiskeli ghali

Wengi wanaopanga kuzunguka Kigezi, eneo la milima kusini-magharibi mwa Uganda, kwa baiskeli, kutoka Kabale kupitia Muko hadi Kisoro na kurudi kwa njia ya Ruhija ndani ya msitu wa Bwindi, huanza kwa kuulizia bei ya baiskeli. Kwangu, bei ingekuja mwisho. Kwanza hesabu meno ya gia: mnyororo ukiwa kwenye gia nyepesi kabisa, mbele kuna meno mangapi, na nyuma mangapi?

Chukua baiskeli ya magurudumu ya inchi 26 yenye meno 34 mbele na 28 nyuma. Kanyagio likizunguka mara moja, unasogea mita 2.5. Kwenye mpando wa Kanaba, njiani kuelekea Kisoro, ukiwa na mzigo wa kilo 15, mwendo wako utakuwa kama kilomita 5 kwa saa, kwa hiyo miguu itazunguka mara 33 tu kwa dakika, na kila mzunguko utakuwa wa nguvu. Weka 22 mbele na 34 nyuma: kwa mwendo uleule miguu itazunguka zaidi ya mara 60, kwa wepesi. Tofauti hiyo magoti yataionja kabla jua halijatua.

Jambo la pili ni saizi ya gurudumu, na hapa mafundi wa senta ndogo, yaani vituo vya biashara vya vijijini, wasikilizwe kuliko wauzaji wa mjini. Baiskeli nyeusi zinazobeba ndizi na viazi zina tairi za inchi 28 ambazo rimu yake, pale tairi inapokaa, ina kipenyo cha milimita 635. Baiskeli nyingi za kisasa, hata zile zinazoitwa inchi 29, zina rimu ya milimita 622. Tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Tyubu, kwa dharura, inaweza kuingia, lakini vali yake ni nene, na rimu iliyotobolewa kwa vali nyembamba haiipokei. Ndiyo maana kwa safari hii napendelea inchi 26 ya baiskeli ya milimani, ambayo vipuri vyake ni rahisi zaidi kupatikana njiani. Ukiamua kwenda na 622, beba tairi moja ya kukunja na tyubu tatu.

Kushuka kunaharibu zaidi kuliko kupanda. Ukishikilia breki za rimu bila kuachia, rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka ukiwa kwenye kona. Kaa wima upepo ukupunguze mwendo, bana kwa nguvu kabla ya kona, kisha achia. Rimu ikishapata moto, simama ipoe. Mvua ikinyesha, mchanga hung'ang'ania raba za breki na kuisaga rimu, kwa hiyo ng'oa chembe hizo kwa ncha ya kisu kila jioni na uwe na jozi mbili za akiba.

Spoku nazo hukatika gurudumu la nyuma, mara nyingi upande wa mnyororo, kwa sababu upande huo hukazwa zaidi. Kuibadilisha ni lazima ufungue kaseti, yaani fungu la gia za nyuma, na kifungulio chake hutakipata kila senta. Kinunue kabla ya kuondoka pamoja na spoku nne za urefu sahihi. Boliti za keria hulegea kwenye barabara za changarawe, basi zikaze kila asubuhi.

Chakula si tabu: chapati na mayai hupatikana karibu kila senta. Maji ya chemchemi chemsha au yatie dawa.

Kuhusu majira, Juni hadi Agosti ndiyo nafuu. Machi hadi Mei udongo wa Ruhija hujikusanya kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ukilazimika kupita miezi hiyo, fungua madigadi ukiwa bado kwenye lami, yafunge juu ya mzigo, na ubebe kijiti cha kukwangulia.