Breki Imeng'ang'ana, Kanzu Imelowa

Haya, hii gari sasa imeamua kunifilisi. Natoka Gede, yavuta kushoto na mguu sijaugusa hata kwenye breki, kuna harufu ya kuungua nikasema ni wale wachoma taka, kumbe! Tuktuk ikanipita, abiria wote wametoa vichwa nje: "Mzee, gurudumu lawaka!" Mzee. Mimi na umri wangu huu.

Kushuka, rimu yatema moto. Kalipa, kile chuma cha kubana breki, imekwama, pedi imeng'ang'ania diski. Na hapa Malindi chumvi yala mabati, yala bawaba za milango, itaogopa kalipa?

Sasa kwa fundi, chini ya mwarobaini wake. Ijumaa hiyo, mimi na kanzu yangu nyeupe, nimesimama pembeni kama mwenye gari anavyofaa kusimama. Fundi kafungua, pini moja yateleza, ya pili imeshikwa na kutu, mpira wa kuzuia vumbi umepasuka zamani maji yakaingia hadi kwenye pistoni, ile isukumayo pedi. "Ami, hii pistoni aitoe nani? Aitoe breki yenyewe. Wewe nishikie hapa." Yaani nilipe, na nishike!

Kijana wa bodaboda akaingia ndani kukanyaga. Hapo watu wakajaa. Muuza kahawa kaweka birika chini. Mzee mmoja aliyekuwa akiendesha lori za Garsen, hivyo adai, akatwaa uongozi. "Kanyaga!" Kimya. "Kidogo kidogo!" asema fundi. "Kwa nguvu!" asema wa Garsen. Fundi alikuwa ameweka kipande cha ubao mbele ya pistoni isiruke, yule mzee akakitoa, ati chazuia. Nikasema jamani, ubao... kijana akakanyaga.

Pwaa! Pistoni hiyoo mpaka kwenye birika, mafuta ya breki yote kifuani pangu. Na watu, wallahi, wakashangilia. "Alhamdulillahi, imetoka!" Wananipongeza, wananipa mikono, mimi nachuruzika na adhana yaanza. Yale mafuta hubambua rangi ya gari, sembuse kanzu! Kijana akatoka ndani kwa madaha ataka hela ya soda. Ya nini? Ya kukanyaga.

Pistoni nayo ina mashimo ya kutu, msasa hausaidii. Dukani mpira hauuzwi peke yake, nunua kalipa nzima, na bei kwanza wakutazama viatu. Halafu fundi ataka kupaka pini zile grisi ya bearingi, ile nyeusi, namwambia hiyo yavimbisha mipira, tafuta ya breki, aniambia "Ami, mbona wajua hivyo na waja kwangu?" Nikose la kusema! Nije kwako kwa sababu spana ziko kwako!

Nyumbani usiniulize. Kanzu imelowekwa, mwenye kuloweka hasemi nami.

Sijakaa, jirani yuapiga simu. Yule yule wa kurudisha gari na mchanga hadi kwenye viti na taa ya petroli yawaka. Kuna arusi Mambrui Jumapili, gari yapatikana? Nikamwambia ndugu yangu gari haina breki, iko juu ya mawe.

Ati hakuna neno, yeye haendeshi kwa kasi.