Mfuniko wa Kisima cha Mama

Kuku wa tatu alipotumbukia kisimani, mama alinipigia simu. "Mwanangu, ama uniletee mfuniko, ama tuanze kunywa mchuzi."

Jumamosi nikafika nyumbani, Tanga. Futi ya fundi cherehani inaishia sentimita 150, haikutosha kuuzunguka mdomo wa kisima, nikachukua kamba ya katani. Nikaizungusha mpaka ikarudi ilipoanzia, nikaikata, nikainyoosha chini, nikaipima kidogo kidogo. 220. Nikampigia fundi wa kuchomelea.

"Fundi, nataka mfuniko wa duara. Mia mbili ishirini."

"Sentimita? Ukingo hadi ukingo?"

"Ukingo hadi ukingo." Wala sikusema uongo. Kamba ilianzia ukingoni ikaishia ukingoni. Ukingo ule ule.

Akanyamaza kidogo. "Bosi, hicho kisima au bwawa?"

"Wewe kata chuma."

Bei ilinishtua, lakini nani ataomba kupunguziwa na kuku watatu wameshazama?

Wiki iliyofuata niliusikia kabla ya kuuona. Mwenye guta alikuwa ameukataa, kwa hiyo vijana wanne walikuwa wakiubingirisha barabarani kama gurudumu, watoto wa mtaa mzima nyuma yao wakishangilia. Urefu wake ulinizidi mimi. Fundi alikuwa ameunga shiti mbili za chuma, zile za futi nane kwa nne, na mshono ulipita katikati kama kovu la upasuaji.

Mama akatoka na mwiko mkononi. "Huu wa kisima au wa mtaa?"

Tukaulaza. Ukafunika kisima, jiwe la kufulia, na mchaichai wa mama. Kuanzia hapo, kuteka ndoo moja ya maji ilibidi waitwe vijana wote wanne, nao hawaji bila chai.

Ni mpwa wangu wa darasa la saba aliyeiona kamba yangu. Akaokota kipande cha mkaa, akaandika juu ya mfuniko wenyewe: 220 × 7 ÷ 22 = 70.

"Mjomba, ulimpa mzingo. Yeye alitaka kipenyo. Mzingo ni kipenyo mara tatu na kidogo."

Ningemshukuru angeishia hapo. Akaendelea, bila kuulizwa, kwamba upana ukizidi mara tatu na kidogo, chuma kinazidi karibu mara kumi, na hela vilevile. Nikamtuma sukari.

Tukauegemeza mwembeni, nikampigia fundi tena. "Nikatie mwingine. Sabini."

Fundi akacheka sana. Vijana walishamsimulia habari ya kamba. "Nimeshakujua, bosi. Safari hii hesabu niachie mimi."

Akaja mwenyewe, kwa miguu, mfuniko ameubana kwapani kama gazeti. Akanikabidhi kwa mikono miwili, uso umejaa fahari. Sentimita 22. Ile sabini yangu aliizidisha kwa saba, akaigawa kwa 22, kuniokoa.

Mama akaupokea, akaugeuza huku na huku, akaingia nao jikoni. Tukasikia mlio wa chuma juu ya sufuria ya wali.

"Huu umekaa!" akaita kutoka ndani.

Kisimani, kuku wa nne alikuwa ameshapanda ukingoni, anachungulia.