Kompyuta Yangu Imevaa Stokingi

Jamani, mtu akikwambia kompyuta ni chombo cha kisomi, muulize kwanza anaishi wapi. Mimi niko Dodoma, Nkuhungu, kwenye barabara ya udongo. Huku mvua ikiaga mwezi wa nne, tunaonana nayo tena kuelekea Krismasi. Hapo katikati tunanyeshewa vumbi. Bodaboda ikipita, chai inabadilika rangi kikombeni. Kuna wanaume wanatoa pesa kutafuta vumbi la Kongo. Mimi hili la Dodoma naletewa bure mpaka mlangoni, na halijawahi kunisaidia chochote.

Kompyuta yangu ni mtumba, ile ya mezani yenye boksi lake. Boksi sote tunaliita sipiyu, fundi akitusikia anakunja uso, kwamba sipiyu ni kidude kidogo cha ndani. Sawa, yeye amesoma. Nachapia mitihani na kadi za michango, inaniletea hela ya mboga. Lakini humu ndani ni mimi tu ninayejua kwamba ile ni kompyuta.

Mama Neema anaijua kama meza. Ameifunika kitambaa cha kufuma, juu kaweka maua ya plastiki, matundu ya hewa yote yamezibwa. Nikikitoa ananiuliza, "Baba Neema, unataka wageni waikute uchi?" Neema naye kila alfajiri anafagia bila kunyunyiza maji, na sipiyu iko sakafuni, feni yake ya mbele inavuta hewa usawa uleule wa ufagio. Mtoto anafagia, mashine inameza. Ukiangalia sakafu unasema nyumba safi!

Halafu kuna paka. Tulimpa jina Mheshimiwa, kwa sababu akishakalia kiti hatoki, na hapa mjini kwetu mfano huo hauhitaji maelezo. Joto la mwili wake ni nyuzi 38 na ushee, kanizidi mimi, ila bado hatosheki. Akisikia tu sipiyu inaunguruma anapanda juu, anajikunja, analala. Manyoya yanamnyonyoka taratibu, feni inayapokea.

Mwezi uliopita mashine ikaanza kupiga kelele kama inataka kupaa. Nachapa "Jibu maswali yote", herufi zinatokea moja moja kama wazee wanaokuja mkutanoni. Kisha ikazima, puu. Nikawasha, ikazima. Nikasingizia umeme, kumbe taa inawaka inanitazama.

Nikasema mimi ni mwanaume, nafungua mwenyewe. Nikachukua pampu ya baiskeli nikapuliza. Feni ikazunguka kama helikopta, nikafurahi, nikawaita watoto waje waone. Vumbi likatoka wingu zima, likapanda juu, likatafakari, likarudi palepale. Mama Neema alikuwa ameanika nguo dirishani. Hayo mengine tuyaache.

Nikaibeba kwa fundi. Kijana akaondoa ubavu mmoja, akachungulia, akanitazama. "Mzee, hii ni kompyuta au banda?" Kile kipande cha alumini chenye mapezi kinachonyonya joto la prosesa, yaani ile sipiyu yenyewe ya fundi, kilikuwa hakionekani. Vumbi na manyoya vimeshikana vikawa godoro. Alilibandua zima zima, ungeliwekea macho ungepata paka wa pili. Akanieleza kwamba prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 zinapunguza kasi zenyewe, na joto likizidi mashine inajizima isiungue. Kumbe ilikuwa inajiokoa, mimi naitukana.

Nilipomsimulia habari ya pampu akashika kichwa. Unapopuliza, shikilia feni kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu beringi zinaumia, na yenyewe inageuka jenereta ndogo ya kurudisha umeme kwenye bodi. Chomoa waya ukutani kwanza. Puliza nje, siyo sebuleni. Kompresa ya gereji usiiguse, inatema maji na mafuta. Akachomoa ramu, vile vibao vya kumbukumbu ya muda, akazisugua meno kwa ufutio wa shule, akarudisha. Shilingi 15,000. Kwa ufutio!

Ila somo la feni nililipenda. Anasema feni za kuingiza hewa zizidi za kutoa, ndani kujae. Ni kama daladala la jioni: likishajaa, hata mguu hupenyezi, likiwa na nafasi watu wanaingilia dirishani. Feni za kutoa zikizidi, boksi linavuta hewa kwa kila ufa, mpaka kwenye tundu la flashi, na vumbi linapanda bila nauli. Ukishapanga hivyo, mbele weka chujio, na chujio usafishe kila baada ya wiki chache. Chujio la kununua hana. "Mafundi wengine," akasema, "wanatumia stokingi za kina mama. Hewa inapita, unyoya unabaki nje."

Mimi nikasikia neno "stokingi" tu. Nikarudi nyumbani, nikafungua droo, nikakata jozi moja, nikaivuta mbele ya sipiyu ikakaa vizuri ajabu. Nikaipandisha sipiyu juu ya kigoda, kitambaa cha maua nikakihamishia kwenye redio. Mheshimiwa nikamtandikia khanga kuukuu kwenye katoni. Siku mbili mashine kimya, inachapa kama mpya.

Siku ya tatu ilikuwa send-off ya binti wa shoga yake Mama Neema. Droo ikafunguliwa. Ikafungwa. Ikafunguliwa tena. Nikajifanya nachapa.

"Baba Neema, stokingi zangu nyeusi ziko wapi?"

Sikujibu, macho yakanisaliti. Akafuata yalikoangalia. Akaiona miguu ya stokingi inaning'inia pembeni mwa kigoda, moja huku moja huku, na Mheshimiwa amejilaza juu ya sipiyu, katoni tupu.

"Kwa hiyo kompyuta ivae, mimi niende miguu mitupu?"

Nikatoka mbio mpaka dukani. Muuzaji, dada mpole, akaniuliza saizi. Nikamwambia nipe jozi mbili. Moja ni ya mama, huyo wa kawaida tu.

"Na ya pili?"

"Huyo ana urefu wa sentimita 40, upana 18. Miguu hana."