Printa Yangu, Mpangaji

Stima ilipotea usiku, ikarudi alfajiri, na asubuhi printa yangu imehama. Haijatoka mezani, iko palepale chini ya kalenda, taa yake ya kijani yanikonyeza. Imehama namba, ile inayoitiwa kwenye mtandao wa nyumba. Jana ilikuwa 192.168.1.14, leo 14 ni televisheni ya mama watoto, na kompyuta yaniambia printa haipo. Haipo! Nimejishika kichwa!

Mwenye kazi, mama wa bi harusi mwenye kadi zake 150, amekaa sebuleni anakula mahamri yangu, kimya. Mteja wa makelele simwogopi. Wa kimya ndiye.

Nikamwita mpwa wangu, ndiye msomi wetu wa kompyuta.

"Mjomba, namba hizi hutolewa na ruta, mashine ya intaneti ya hapa nyumbani. Kila kifaa hupangishwa kwa muda, tuseme saa 24, kisha kiombe tena. Stima ikikatika, ruta hii husahau nani alikuwa chumba kipi. Anayewahi ndiye anayepata."

"Hupangishwa? Nyumba nimejenga mimi. Printa nimelipa taslimu. Mpangaji ni nani?"

"Printa, mjomba."

"Na mwenye nyumba?"

Akanyoosha kidole juu ya kabati, kwenye kile kidude cheusi chenye pembe mbili.

Nikamkumbusha: mwaka jana si wewe uliyeniandikia faili la majina, ukasema nikiita "printa" itaitika? Akasema ndiyo, lakini faili lile limeandika jina na namba ya zamani, na halijui kujisahihisha. Kisha akajitia mwalimu: hata Wamarekani walikuwa na faili moja kama hilo, HOSTS.TXT, kila mashine yalinakili, majina yakazidi, likawashinda. 1983 ndipo ikabuniwa DNS, daftari la majina lililogawanywa kwa mashine nyingi.

"Kwa hiyo wewe ukaniletea kitu kilichowashinda Wamarekani?"

Akakohoa.

Dawa, ati, ni kumwamuru ruta aiwekee printa chumba chake cha daima, kwa anwani ya kiwandani iliyobandikwa chini ya tumbo lake. Tukaipindua. Herufi na tarakimu 12, ungedhani zimeandikwa na sisimizi. Mimi nasema B, yeye asema 8. Wino ukatiririka kwenye kanzu yangu, na leo Ijumaa. B! 8! Sauti ikanipanda, heshima ikanishuka.

"Ni 8," akasema mama wa bi harusi, bila kuinuka.

Ikawa 8.

Nikataka na simu ya mama watoto ifungiwe chumba chake. Mpwa akacheka: simu za siku hizi, kila mtandao zinaouingia zajipa anwani nyingine ya bandia, kama mtu mwenye madeni Kongowea.

Kadi zimetoka. Kanzu imebaki na doa, na dobi wangu wa karibu na msikiti amehama. Nikamuuliza muuza viazi karai, akasema yeye hajui, ila muuza mabuyu huenda akajua. Muuza mabuyu akanipeleka kwa mwenye kahawa. Mwenye kahawa akaniuliza, mzee, wataka dobi au kahawa?

Nikanywa vikombe viwili.