Mtaalamu wa lishe asiyeuliza maswali, muage mapema

Wengi wakienda kwa mtaalamu wa lishe wanataka karatasi: asubuhi kula hiki, mchana kile, usiku usiguse kitu. Wakitoka bila hiyo karatasi wanaona hela imeliwa bure. Mimi naona kinyume chake. Anayekukabidhi ratiba ya chakula kabla hajajua unatumia dawa gani, unalala saa ngapi na nani anapika nyumbani kwako, huyo ndiye aliyekula hela yako.

Ratiba zimejaa mitandaoni, na nyingine wala si mbaya. Kinachokosekana ni mtu wa kukuchimba kwa maswali. Mafuta ya kupikia unapima kwa kijiko au unamimina tu kutoka kwenye chupa? Utaona ni swali la kipuuzi, ila kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kalori 120, na mkono unaomimina hauhesabu vijiko. Mtu ameacha vyakula vya wanga, anashinda na njaa, analalamika mwili haupungui, kumbe kalori alizojinyima kwenye sahani zimerudi kupitia sufuria.

Wala si kwamba anadanganya. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kuhusu watu wanene waliosema wanakula kidogo sana na bado hawapungui. Walipopimwa, miili yao ilikuwa ikiunguza nishati kama kawaida. Ila walichoripoti kula kilikuwa pungufu ya walichokula kwa wastani wa asilimia 47. Nachukia utafiti huu unapotumiwa kuwasimanga watu. Nani anakumbuka tonge la kuonja, masalia ya sahani ya mtoto, ile juisi aliyokunywa akiwa amesimama? Ndiyo maana mtaalamu anakuomba uandike kila kitu palepale unapokula, usingoje usiku.

Kwa mwenye kisukari anayechoma insulini, jambo hili halina mzaha. Akipunguza wanga ghafla huku dozi ikibaki ileile, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Hapo mtaalamu wa lishe anatakiwa azungumze na daktari wake kabla ya mtu kubadilisha chochote mezani.

Kuhusu kasi, kiwango kinachoshauriwa mara nyingi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Najua kinaudhi, hasa ukiwa na harusi mwezi ujao. Lakini zile kilo tatu za wiki ya kwanza zinazotangazwa kwa mbwembwe, sehemu kubwa ni maji: akiba ya wanga kwenye ini na misuli hukaa pamoja na maji, na ikitumika maji hutoka nayo. Ukiendelea kwa mwendo huo unapoteza misuli, na hatari ya kupata mawe kwenye kifuko cha nyongo inaongezeka.

Halafu si lazima ufike uzito wa ujana wako. Mwenye kilo 90 akipunguza asilimia 5 hadi 10, yaani kilo nne na nusu hadi tisa, mara nyingi presha na sukari vinaanza kukaa vizuri. Mtaalamu mzuri atakutajia hilo siku ya kwanza. Mwenye makopo ya unga wa kupunguza tumbo mezani kwake hatakutajia, kwa sababu anataka urudi kununua kopo jingine.

Miadi ya pili ndiyo kipimo chenyewe. Umerudi, mizani haijashuka hata robo kilo. Akianza kukugombeza kama mwanafunzi mtoro, tafuta mwingine. Akifungua daftari lako na kuuliza mbona Jumamosi na Jumapili pako wazi, kulikuwa na nini, endelea naye.