Vishikwambi vya Tanga vilijibu swali gani?

Kikao cha wazazi cha muhula huu, katika shule ya msingi anakosoma mwanangu wa mwisho hapa Tanga mjini, kilikwama kwenye ajenda ya tatu: mchango wa kununua vishikwambi vya darasa la kwanza na la pili. Baba aliyeleta hoja alijiandaa. "Jamani, haya mambo yalijaribiwa hapa hapa mkoani kwetu," alisema. "Watoto wa vijijini ambao hawajawahi kukanyaga shule walipewa vishikwambi, wakajua kusoma bila mwalimu. Sisi tulio na walimu tunangoja nini?"

Ukumbi ulimpigia makofi. Kisha akainuka mwalimu mstaafu, mzee aliyewafundisha wengi waliokuwa mle ndani, akasubiri kelele zitulie. "Mwanangu, umesema vizuri. Lakini wale hawakuwa na mwalimu, na wetu wanaye. Sasa hicho kifaa unataka kimsaidie mwalimu au kimwondoe?"

Hoja ikaahirishwa. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nakubaliana na wote wawili, jambo ambalo halikunipa raha, nikaanza kulipekua lile jaribio ambalo kila mtu hapa Tanga analitaja na wachache wanalijua.

Lilikuwa shindano la XPRIZE, shirika la Marekani linaloshindanisha wavumbuzi, lililotangazwa mwaka 2014 kwa fedha za Elon Musk, zawadi kuu ikiwa dola milioni 10. Washindani walitakiwa kutengeneza programu itakayomwezesha mtoto ajifundishe mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu ndani ya miezi 15. Timu tano zilifika fainali na kazi zao zikaletwa mkoani Tanga. Kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzoni mwa 2019, watoto wanaokaribia 3,000 katika vijiji kama 170 walitumia vishikwambi vilivyotolewa na Google, vikiwa na masomo ya Kiswahili. UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali yetu walisimamia. Vilichajiwa kwa sola, na vijijini walikuwepo akina mama waliopewa jukumu la kuviangalia.

Kabla ya kuanza, asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Miezi 15 baadaye, kwa watoto waliotumia programu hizo za fainali, kundi hilo la wasioweza kusoma hata neno moja lilikuwa limepungua kwa nusu. Mei 2019 timu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi kuu.

Hiyo "nusu" ndiyo inayotugawa. Ukiwa umewahi kumwona mtoto wa miaka tisa anayechunga mbuzi huko Handeni, ambaye shule iko mbali na kwao hakuna karatasi hata ya kufungia chumvi yenye maandishi anayoweza kuyasoma, utajua kwamba neno la kwanza alilolisoma peke yake ni jambo kubwa mno. Mimi sitamwunga mkono anayelidharau. Hata hivyo nusu nyingine ilikaa na kifaa mkononi kwa mwaka mmoja na miezi mitatu, na mwisho wake bado haikuweza kusoma neno. Tena kipimo ni neno moja. Mtoto anayesoma "baba" hajafika bado kwenye kusoma barua ya baba. Baba aliyeleta hoja kikaoni aliitaja nusu ya kwanza tu, na nadhani hakuwa anadanganya. Ndivyo habari ilivyomfikia.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko hilo, ambalo mzee wetu aliligusa. Shindano liliuliza kama mtoto anaweza kujifunza pale ambapo hakuna mwalimu. Jibu likawa: kwa kiasi fulani, ndiyo. Halikuuliza kitu gani kitatokea ukivipeleka vifaa hivyo kwenye darasa lenye mwalimu, ubao, kengele na watoto 90. Hilo ni swali jingine, na anayelijibu kwa matokeo ya vijijini ameazima ushahidi usio wake.

Tuliangalie basi darasa lenyewe. Uwiano uliowekwa kitaifa kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kila mzazi mwenye mtoto shule ya serikali anajua hali ilivyo tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016: watoto walifurika, na ni heri walifurika, ila madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Ukiwa na watoto 90, na ukitaka kumsikiliza kila mmoja akisoma, kila mtoto anapata sekunde 20, hapo hujafundisha chochote, hujaita majina, hujamtoa nje anayelia. Kwa hiyo mwalimu anafanya analoweza: anasoma ubaoni, darasa zima linaitikia kwa sauti. Ba, be, bi, bo, bu. Ukipita nje utasikia raha. Ndani, watoto 30 wanasoma na 60 wanaimba, wala hakuna wa kuwatenganisha mpaka mtihani uje.

Hapa ndipo kifaa kinapopata hoja yake ya kweli. Kinamsikilizisha mtoto mmoja sauti ya herufi moja mara 50 bila kuchoka na bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Anayekwama kwenye "nda" anabaki kwenye "nda", anayekwenda mbio anaendelea. Na kinaongea Kiswahili. Hilo tusilipite haraka, kwa sababu kwa mtoto wa Lushoto anayeongea Kisambaa nyumbani, au wa Mkinga anayeongea Kidigo, sauti inayotamka Kiswahili polepole na kwa usahihi ni msaada ambao hata kaka zake hawawezi kumpa. Vifaa vingi vinavyouzwa madukani kwa jina la "elimu" vinaongea Kiingereza na wanyama wake hawajulikani hapa. Kama tutachanga ili tununue hivyo, bora hela tuzirudishe mifukoni.

Kuna K moja, hata hivyo, ambayo kioo cha kishikwambi hakiiwezi. KKK ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto anayepitisha kidole juu ya kioo anajifunza umbo la herufi, lakini hajui penseli inabanwaje, mkono unakaaje kwenye mstari, ukikosea unafutaje bila kuchana daftari. Mtihani wa taifa bado anaufanya kwa mkono. Rafiki yangu anayefundisha darasa la pili aliwahi kuniambia kwamba kazi inayomla muda kuliko zote ni kuzunguka na kushika vidole vya watoto kimoja kimoja. Kazi hiyo haina programu. Mwaka 2023 hata Sweden, nchi tajiri iliyojaza vioo katika shule zake, ilianza kurudi kwenye vitabu vya karatasi na mwandiko wa mkono kwa watoto wadogo.

Sasa hela. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Tuseme kishikwambi cha bei ya chini tunakipata kwa 200,000. Hiyo ni ruzuku ya watoto 20 kwa mwaka mzima. Vishikwambi 45, vya kujaza nusu ya darasa, ni milioni 9, yaani ruzuku ya watoto 900. Bado hujanunua kabati la chuma, hujalipa LUKU, hujamlipa mlinzi. Wala hujapambana na hewa ya bahari, ambayo sisi wa pwani tunajua inavyokula hata bawaba za milango. Anayepinga akikuonyesha hesabu hizi huwezi kumwita mshamba. Kwa milioni 9 shule hupata madawati na vitabu vya kutosha, na kitabu hakihitaji chaji.

Tena tusijifanye hatujui yaliyotokea kwa majirani. Ng'ambo ya Horohoro, wenzetu wa Kenya waliahidiwa kompyuta za watoto wa darasa la kwanza katika kampeni za 2013. Ugawaji ulianza 2016, vikasambazwa vifaa zaidi ya milioni moja, na katika shule nyingi viliishia kufungiwa stoo, wakuu wakihofia wizi na walimu wakiwa hawajajua wavitumieje. Peru iligawa kompyuta ndogo nyingi kwa watoto wake, na tathmini haikuona tofauti katika alama zao za hisabati na lugha. Nami nimeingia katika shule moja wilaya jirani, nikaonyeshwa chumba cha kompyuta cha msaada. Kilikuwa kisafi kabisa. Mwenye ufunguo alihamishwa miaka miwili kabla.

Hata hapa kwetu, baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, vishikwambi vya sensa viliingizwa kwenye elimu, karibu 300,000 vikagawiwa kwa ajili ya walimu nchi nzima. Niliupenda uamuzi ule na bado naupenda. Walimu ninaowajua wanapakua humo vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, wanaandaa maandalio ya masomo, wanatumiana maswali ya majaribio. Bando wananunua kwa mshahara wao. Wengine wameviweka kabatini kwa sababu skrini ilipasuka na hakuna anayejua itengenezwe kwa fungu lipi. Kifaa ni kile kile, mwaka ule ule, matokeo mawili.

Ndiyo maana mfano unaonivuta zaidi ni Malawi. Wao wamechukua programu ya onebillion, ile ile iliyoshinda hapa Tanga, wakaanza kuiingiza katika shule za msingi za serikali, darasa la kwanza hadi la nne. Hawakumpa kila mtoto chake. Kuna chumba chenye sola, vishikwambi vinakaa humo, na watoto wanaingia kwa zamu, kila darasa kwa kipindi chake kwenye ratiba, mwalimu akiwasimamia. Zamu ikiisha wanarudi kwenye ubao na penseli. Seti moja inatumiwa na shule nzima, hivyo gharama kwa kila mtoto inashuka sana. Tena wakati nusu ya darasa iko kwenye vifaa, mwalimu wa pili anaweza kubaki na nusu nyingine, na zile sekunde 20 zinakuwa 40. Si nyingi, lakini zinatosha mtoto kusoma sentensi.

Anayeunga mkono vifaa ataniuliza: mbona unaishia madarasa ya chini? Sekondari je? Kule nakubali haraka. Shule isiyo na maabara, projekta moja ikionyesha moyo unavyosukuma damu inamsaidia mwanafunzi kuliko mchoro wa chaki. Lakini kule kifaa ni cha mwalimu, kimoja, na mjadala wake si mkali.

Hofu ya wazazi kuhusu simu, michezo ya kubahatisha na picha zisizofaa nayo ni ya kweli, na katazo la simu kwa wanafunzi lina sababu zake. Kishikwambi kisicho na intaneti, chenye masomo tu ndani, hakileti hofu hiyo. Vile vya vijijini vilifanya kazi bila kutegemea intaneti.

Kuna historia moja ya mji huu ambayo mzee wetu aliikumbusha tulipokuwa tukitoka. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa na Wajerumani miaka ya 1890, ilikuwa na mtambo wa kuchapia, na kuanzia 1904 ilitoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi. Wakoloni walitaka makarani, hawakuwa na huruma na sisi. Lakini mashine ile ilikaa shuleni, ikawa sehemu ya kazi ya shule, na gazeti likatoka mpaka vita vya kwanza vya dunia vilipoliua. Ilikuwa teknolojia ngeni kuliko kishikwambi kilivyo leo, tena yenye vyuma, wino na vipuri vya kuagiza kwa meli.

Sisi wa Tanga huwa tunamshangaa mgeni anayeaga mapema: waja leo, waondoka leo? Nimekuwa nikitaka kuuliza hivyo kila mradi wa vifaa unaoshuka mkoani, unaopigwa picha, kisha unaondoka na wataalamu wake.

Nimemwandikia mwenyekiti kwamba mimi nitachanga, na nimetaja kiasi. Nimeomba kwanza mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari: nani atashika ufunguo akihamishwa mwenzake, matengenezo yatatoka fungu lipi mwaka wa pili, na ni kipindi gani cha ratiba watoto wa darasa la kwanza wataingia kwenye chumba cha vishikwambi. Nimeomba pia mchango ubaki wa hiari, na mtoto ambaye mzazi wake hana asikose zamu. Mwenyekiti amejibu kwamba swali la ufunguo limemshinda, analipeleka kwa mwalimu mkuu. Kikao kingine ni baada ya likizo, na mzee ameahidi kuja.